Siku Mume Wangu Alipoingia Kambani

Jumamosi, tarehe ishirini na tano Agosti, mwaka wa hamsini na sita. Manyunyu yalipita alfajiri, kisha jua likatoka, na kusi likavuma kutwa nzima hata vumbi la uwanjani likatuingia kwenye meno. Hivyo ndivyo ninavyoikumbuka mimi. Wifi yangu anasema ilikuwa Jumapili, tena halikudondoka hata tone. Huenda ni yeye anayesema kweli. Mimi nilisoma madarasa manne tu, na katika hayo manne msimu wa mpunga nilikuwa shambani naamia ndege wasile. Lakini nakumbuka nilianua kanga ikiwa bado mbichi, nikaivaa hivyo hivyo, ikanikaukia mwilini njiani. Kanga hailowi kwa jua.

Siku hiyo palikuwa na maonyesho. Matangazo yalibandikwa ukutani sokoni kwa muda mrefu: mazao ya mashamba, ng'ombe wa maziwa, kazi za mikono za wanawake, ngoma ya beni, na alasiri mchezo wa mambo ya kale. Mchezo wenyewe ulikuwa kuonyesha misafara ilivyokuwa ikiingia pwani kutoka bara, zama za babu zetu, na pembe za ndovu na ngoma mbele. Watu wa Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, tulikuwa hatujapata kuona jambo kama hilo, kuiga zamani mbele ya watu kama vile zamani ni harusi.

Mume wangu alikuwa seremala. Mwalimu aliyepewa kazi ya kuusimamia mchezo alimjia nyumbani akamwomba achonge pembe. Akazichonga kwa mti wa msufi kwa kuwa ni mwepesi, akazipaka chokaa, lakini zikawa nyeupe mno kama meno ya mtoto. Mimi ndiye niliyesaga manjano nikamwambia ajaribu kuzisugua. Zikatoka pembe hasa. Mwalimu alifurahi hata akamwambia, "Fundi, moja utaibeba wewe mwenyewe. Utakuwa mpagazi wa mbele." Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye, alisikia fahari. Upagazi ulikuwa kazi ya watu, alisema. Aliyekwenda bara akarudi alikuwa mtu.

Lakini kwangu siku ile haikuwa ya maonyesho. Binti yetu mkubwa alikuwa amechumbiwa na kijana wa Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani. Posa tulikuwa tumeipokea. Lililobaki ni mama yake kijana kuja kututazama, aone nyumba, ale, kisha apange siku. Naye alichagua siku ya maonyesho kwa kuwa magari ya kuja Tanga yalikuwa mengi. Binti alimtaka kijana yule. Hakuniambia, lakini ilipokuja posa ya kwanza, ya mtu wa Maramba, kila ilipozungumzwa alikuwa akiosha vyombo kwa kelele. Hii ya pili vyombo vilioshwa kimya.

Nilikuwa na hofu yangu. Ngamiani watu hawaulizani sana walikotoka. Huyu Mdigo, huyu Mbondei, huyu babake alikuja kujenga reli, huyu ameshuka kutoka Pemba na karafuu zake; mkikaa kibaraza kimoja mmekuwa majirani, basi. Pangani niliambiwa wanauliza. Wanauliza babu, na babu wa babu, na nani alimlea nani. Labda nawaonea watu wa Pangani. Niliyoambiwa niliambiwa na mtu mmoja, naye alikuwa ameachwa huko. Lakini baba mkwe wangu marehemu aliingia Tanga akiwa kijana peke yake, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini alikuwa peke yake.

Wageni waliteremka kwenye gari saa tatu hivi. Mama yake kijana alikuwa mjane, mtu mzima kunizidi, mrefu, mwenye maneno machache. Alifuatana na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, na huyo alikuwa ni mtu wa mzaha tangu mguu wake ulipogusa ardhi.

"Shikamoo bi mkubwa," alimwambia mama mkwe wangu. "Nimeletwa nimwangalie bibi harusi, lakini nikikuona wewe naona nimeshafika."

"Marahaba. Nenda kanywe maji ya kisima, jua limekupata," akajibiwa.

Binti hakuonekana. Ilikuwa si heshima mchumba ajitembeze mbele ya mama wa mume, kwa hiyo tulimwacha nyumbani apike, akatusikiliza sisi tukienda zetu kutazama ng'ombe.

Yule shemeji alimwangalia ng'ombe mmoja wa shamba la serikali kwa muda, akamgeukia mama mkwe. "Bi mkubwa, huyu anakula mara ngapi kwa siku?"

"Kukuzidi wewe."

"Basi waniandike na mimi. Maziwa sina, lakini kelele ninazo."

Watu waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka. Tulipita kwenye mikeka na makawa ya kufunikia chakula, mama wa kijana akapinda ukingo wa mkeka mmoja kwa vidole akautazama ushonaji wake kwa ndani bila kusema neno. Nikawaza: hivyo ndivyo atakavyokitazama kila kitu changu. Mazulia sina. Kitanda cha wageni kina mguu uliotiwa kipande. Mume wangu seremala, na kitanda cha kwake mwenyewe kina kipande!

Tulipata mahali pa kukaa, ubavuni mwa hema walimokaa wakubwa wa serikali. Nikakaa, nikasimama kuangalia kama mume wangu anaonekana, nikakaa, nikasimama tena.

"Mdogo wangu," mama wa kijana aliniambia, "umekalia siafu?"

"Hapana dada, natazama tu."

"Watakuja. Wamepewa njia moja tu ya kupitia."

Hilo ndilo neno lake refu kuliko yote tangu wafike.

Ngoma zikalia. Akatokea kiongozi wa msafara, manyoya ya kuku kichwani, akicheza. Nyuma yake wapagazi na zile pembe. Nikaitambua pembe ya mbele, iliyokuwa na kovu la msumeno upande mmoja, lakini aliyeibeba hakuwa mume wangu. Alikuwa karani mmoja mwembamba, anayumba nayo kama imemzidi, na pembe yenyewe nyepesi kama mto. Wapagazi wakapita wote, na mume wangu hayumo.

Kisha ikaja kamba.

Watu kama kumi walikuwa wamefungwa kamba moja, shingo kwa shingo, mikono mbele, na askari wa mchezo pembeni na kiboko cha mti. Wa kwanza alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wa pili. Wa pili alikuwa mume wangu. Bega lake bado lilikuwa na manjano ya pembe.

Yaliyotokea nyuma nilisimuliwa baadaye, na nayaeleza hapa ili asilaumiwe asiyestahili. Walioandaliwa kuingia kambani walikuwa vibarua wa shamba la mkonge, watu wa bara. Waliambiwa watakuwa katika msafara, wakadhani ni wapagazi kama wengine. Walipoiona kamba walikaa chini. Mmoja wao alimwambia mwalimu, "Kukata mkonge tumekubali. Kufungwa, hata kwa mchezo, hapana. Hapa pana watu wa picha. Picha ikifika kwetu nitamweleza nini mama?" Mimi siwalaumu. Miaka ile watu walikuwa wameanza kukataa mambo, na hili lilikuwa la kukataa. Wala mwalimu simlaumu sana. Aliagizwa. Serikali ilitaka kamba ya watumwa ionekane ili watu waone kuwa sasa haipo, na wakubwa walikuwa wameshakaa hemani. Akasimama na kamba mkononi, kijana wa watu, midomo inamtetemeka. Mume wangu akaiweka pembe chini akasema, "Lete hapa." Alipoingia yeye, fundi baiskeli akaingia, na wengine wakafuata.

Lakini pale nilipokaa sikuyajua hayo. Niliona tu mume wangu shingoni ana kamba mbele ya Tanga nzima, siku ambayo Bweni wamekuja kututazama. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Wataulizana baba yake alitoka wapi, na atakayejibu hayupo.

Nikamtazama yule shemeji wa mzaha. Nilitaka aseme chochote. Mtu mnene kama mume wangu kati ya wale waliokonda, palikuwa na mzaha mia wa kusemwa. Yeye alikuwa ameshika fimbo yake tu, kwa mikono miwili. Halafu akainama kwa mama mkwe wangu akauliza polepole, hana hata chembe ya mzaha, "Bi mkubwa, jambo hili mmelipanga?"

"Tumepanga nini, mwanangu?" mama mkwe akasema. "Aliambiwa pembe. Hata mimi nashangaa."

Akainuka akaondoka, akasimama mbali kwenye miti, ametupa mgongo.

Mama wa kijana hakuondoka. Aliitazama kamba mpaka ikapita, na ilipopita aliendelea kutazama mahali ilipokuwa. Kisha akasema, "Nina kiu."

Nikampeleka kwenye tangi la maji nyuma ya mahema. Hapakuwa na watu, wote walikuwa mbele. Akajaza kikombe, hakunywa.

"Nani amewaambia?" akaniuliza.

"Ametuambia nini, dada?"

"Usinichezee, mdogo wangu. Mimi mtu mzima."

"Wallahi, sijui unasema nini."

"Mume wako amejitia kamba mbele ya watu, siku niliyokuja mimi kutazama. Kama hamtaki kutupa binti, si mngetuma mtu aseme? Kuna haja gani ya kunionyesha?"

Nilimtazama, naye akanitazama. Akili yangu si ya haraka. Nikasema lile lililokuwa kichwani tangu mwanzo, "Dada, mimi nilidhani utasema ndio sisi."

"Ninyi nini?"

"Wa kambani."

Hakucheka, wala hakulia. Alikaa kwenye jiwe la tangi, kikombe mapajani, maji yakamwagika kidogo kwenye kanga yake asijali. Akanieleza. Mama yake mzazi aliingia Pangani kwa msafara kama ule, akiwa mtoto mdogo. Watoto hawakufungwa, alisema; walitembea pembeni, wameshika nguo za mama zao, na kamba ya mama zao iliwashika na wao wasiende popote. Mama yake alikua katika nyumba ya watu, akaolewa, akazaa, akafa akiwa na heshima yake. Bweni wanajua. Wengi wananyamaza. Wasionyamaza ni wachache, na kwenye kila harusi mmoja wao hupata neno la kusema. Shemeji yake ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha, kwa mizaha yake.

Haya ninayaandika kwa kuwa yeye mwenyewe baadaye aliyasema wazi, kibarazani kwake, wala hakutaka yafichwe tena. Vinginevyo nisingeyatia wino.

Pale tangini nilitaka kusema neno zuri. Mtu aliyesoma angelipata. Mimi nilisema, "Kunywa maji, dada."

Akanywa.

"Mume wako anajua?" akauliza.

"Hajui kitu. Yeye akimwona mtu anaaibika huingia tu katikati, hata kama hajui katikati pana nini."

"Na binti?"

"Hajui. Na mimi siwezi kumwambia kama wewe hutaki."

"Nataka," akasema. "Leo, kabla sijala kwenu. Sitaki aje aambiwe kisimani, ameshakuwa mke, hana pa kurudi. Mwambie, kisha nijue. Akisema hapana nitapanda gari, na mimi na wewe tutaendelea kusalimiana."

Sikuwahi kupewa mzigo kama ule. Nilitaka kumwambia kuwa kwetu si kitu, lakini sikuwa na hakika kwamba nasema kweli. Kama si kitu, mimi nilikuwa naogopa nini tangu asubuhi?

Tuliporudi mchezo ulikuwa umekwisha, mume wangu anakuja anacheka, anajifuta jasho, shingoni mstari mwekundu.

"Dada! Mmeniona? Nilikuwa wa pili!"

"Tumekuona," akasema yule shemeji, ambaye alikuwa amerudi. Sauti yake baridi tupu.

Mume wangu akatutazama mmoja mmoja. Cheko likamtoka usoni polepole. "Nimekosea nini?"

"Hukukosea," mama wa kijana akasema. "Mpeni maji."

Njiani kwenda nyumbani wanaume walitangulia. Kusi lilikuwa likituletea maneno yao vipandevipande.

"Fundi, ilikuwaje ukaingia?"

"Mwalimu alikuwa anataka kulia, kaka. Mtu mzima akilia mimi sijui nitazame wapi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ulitaka kuwe na nini?"

Tulipita nyumba kadhaa. Kisha nikamsikia shemeji akisema, "Basi siku nyingine jifunze kutembea. Watu wanapelekwa mnadani, wewe unatupa mikono kama bwana harusi." Mume wangu akacheka kwa sauti. Mama wa kijana, kando yangu, akashusha pumzi. Nami sikutulia. Lililokuwa la wanaume lilikuwa limepita. Langu lilikuwa jikoni.

Binti alikuwa ameinamia mafiga uani, anapalia wali, makaa juu ya kifuniko. Kuku alikuwa ameshaiva. Nilimtuma mdogo wake dukani kwa kitu tusichokihitaji, nikachuchumaa karibu naye, nikamwambia. Nilimwambia vibaya. Nilianzia kwenye kamba, nikarudi kwenye pembe, nikaruka kwa bibi wa Bweni, nikalazimika kurudi tena nyuma. Yeye alikuwa anapanga makaa kwa kibanzi, moja huku, moja kule.

Nilipomaliza aliuliza, "Yeye mwenyewe anajua?"

"Nani?"

"Mwanawe."

"Anajua. Wanajua wote."

"Na alikuja kuposa akijua nitaambiwa siku moja?"

"Nadhani. Sijui, mwanangu. Sikuuliza."

Mama mkwe alikuwa akikohoa ndani, akiwaambia wageni habari za kitanda, kwamba mguu ule una kipande kwa sababu mwenye nyumba huwatengenezea watu wengine kwanza. Nilimngoja binti anijibu. Nilitazama mikono yake kama nilivyomwona yule mama akiutazama mkeka, na nikaona aibu kwa hilo.

"Mama, umekaa kwenye moshi," akasema. "Sogea. Pakua, watu wana njaa."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

Nikapakua. Sikujua kama nimebeba ndiyo au hapana. Wanaume walikula kibarazani, sisi wanawake chumbani, mkekani. Mama wa kijana aliiangalia sinia, akaniangalia mimi akingoja jibu, hakunyoosha mkono. Mama mkwe akamhimiza, "Kula mwanangu, wali unapoa." Hakunyoosha. Alisema tu kwa adabu kwamba anapenda ukoko kuliko wali, kama upo. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa anatafuta muda.

Nikaanza kuinuka niende uani. Lakini binti alikuwa amesikia. Tulisikia upawa ukikwangua sufuria, kwa kelele, kisha pazia likafunguka akaingia mwenyewe, heshima ya kujificha ameiacha jikoni, ameshika bakuli. Akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama," akasema. "Umeungua kidogo upande mmoja."

"Marahaba, mwanangu." Akalipokea bakuli kwa mikono miwili. "Upande ulioungua ndio wangu."

Jioni ile tulikula wali wa nazi uliopaliwa, kuku wa kupaka, mchicha, na ndizi mbivu. Ukoko waliumega wao wawili, mama wa kijana na binti yangu, wakiutafuna hata tukasikia.